Radoni Nyumbani: Kopo la Kupimia Lifunguliwe Lini?

Kopo la kupimia radoni, gesi yenye mionzi itokayo ardhini, ni dogo, halizidi sana lile la dawa ya viatu. Huletwa na posta likiwa limezibwa, pamoja na karatasi ya maelekezo, na sharti mojawapo kwenye karatasi hiyo humshangaza mtu aliyekulia Tanga au Kisumu: funga madirisha yote na milango ya nje, nyumba ikae hivyo muda wa saa 12, ndipo ufungue kopo. (Muda wa saa 12, si saa kumi na mbili. Msomaji mwenye haraka anaweza kufunga madirisha magharibi na kulifungua kopo baada ya chakula cha usiku.)

Kule tulikotoka, mabango ya kifua kikuu kwenye zahanati hutuambia kinyume chake: fungua madirisha, hewa ipite. Na kopo hili limekuja kupima hewa mbaya. Sasa kwa nini kipimo kituombe kwanza tuiharibu hewa ya nyumba? Ukilijibu hilo, umeshafika katikati ya swali ambalo familia nyingi zilizohamia Minnesota, Iowa, Ohio au Alberta hukutana nalo mara ya kwanza siku ya kununua nyumba: radoni ipimwe lini? Mkaguzi wa nyumba atakwambia hili, dalali atakwambia lile, tovuti ya serikali ya Kanada itakupa jibu lisilofanana na la Marekani, na kila mmoja ana sababu zake. Neno "lini" limebeba maswali kadhaa kwa pamoja, na mkanganyiko huanza pale mtu anapojibu moja huku mwenzake aliuliza jingine.

Kwanza gesi yenyewe. Radoni haina rangi, harufu wala ladha. Chanzo chake ni urani, ambayo imetawanyika kidogo kidogo karibu katika kila udongo na kila mwamba. Urani huvunjika taratibu mno, hatua baada ya hatua, mpaka ikazaa radiamu, na radiamu ikazaa radoni. Wazazi wote hao ni vitu vigumu vinavyobaki palepale ndani ya jiwe. Radoni ni gesi, kwa hiyo yenyewe husafiri. Nusu yake hutoweka kila baada ya siku 3.8 hivi, na muda huo unatosha kupanda katikati ya punje za udongo, kupita ufa wa sakafu na kuingia sebuleni. Ikivunjika, huacha chembe ngumu, hasa za poloni, zinazonata kwenye vumbi tunalolivuta. Mionzi yake ya alfa huzuiwa hata na karatasi, lakini ikishatua juu ya utando wa pafu haihitaji kwenda mbali.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiorodhesha radoni mwaka 1988 miongoni mwa vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA, linakadiria kwamba radoni huchangia vifo 21,000 hivi vya saratani ya mapafu nchini humo kila mwaka, na takriban 2,900 kati yao ni vya watu ambao hawajawahi kuvuta sigara. Kwa mvutaji sigara hali ni mbaya zaidi: kwa makadirio ya shirika hilohilo, wavutaji 1,000 wakiishi maisha yao yote kwenye kiwango cha pikokyuri 4 kwa lita ya hewa (pikokyuri ni kizio cha mionzi kinachotumika Marekani), 62 wanaweza kupata saratani ya mapafu. Kwa wasiowahi kuvuta, ni 7.

Hiyo namba 4 ishike, tutairudia. Ni kiwango ambacho EPA inasema ukikifikia, rekebisha nyumba. Ukiwa kati ya 2 na 4, inakushauri ufikirie kurekebisha. Wanaotumia bekereli, kizio cha kimataifa cha mionzi, huzidisha kwa 37, kwa hiyo 4 ya Marekani ni kama bekereli 148 kwa mita ya ujazo. Kanada imeweka mstari wake kwenye 200, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2009 lilipendekeza 100 pale inapowezekana, isizidi 300. Hakuna kiwango kinachotajwa kuwa salama kabisa. Hii mistari ni ya uamuzi tu, mahali ambapo serikali imeona gharama ya fundi inastahili.

Mbona basi nyumbani hatukuisikia? Si kwamba ardhi yetu haina madini hayo. Kilima cha Mrima huko Kwale kinajulikana kwa thoriamu yake, na thoriamu nayo huzaa ndugu wa radoni, anayeishi chini ya dakika moja. Tofauti kubwa ni nyumba. Nyumba ya pwani yenye matundu juu ya madirisha, mlango wazi tangu alfajiri na paa linalopitisha upepo haiwezi kukusanya gesi kiasi hicho. Chukua familia ileile uihamishie Des Moines, Iowa, kwenye nyumba yenye besimenti iliyozama ardhini, madirisha ya vioo viwili na kuta zilizojazwa sufi, katika jimbo ambalo kaunti zake zote 99 zimo kwenye kundi la hatari ya juu kabisa katika ramani ya EPA. Idara ya afya ya Iowa husema nyumba takriban 7 kati ya 10 huko zinavuka mstari wa 4. Minnesota ni 2 kati ya 5.

Namba moja haikai

Watu wengi hufikiria radoni kama urefu wa ukuta: ukishapima, umepima. Kumbe hufanana zaidi na joto la mwili. Hupanda usiku hadi kukaribia alfajiri na kushuka mchana. Hupanda kanieneo ya hewa inaposhuka, kwa sababu hewa iliyo juu ya udongo hupunguza uzito wake na gesi iliyo chini hupata nafasi ya kutoka. Mvua kubwa ikilowesha udongo wa nje, gesi iliyokuwa ikitokea bustanini huzibiwa njia na kutafuta sehemu kavu, na sehemu kavu iliyo karibu ni chini ya sakafu yako. Upepo mkali huweza kuivuta au kuifukuza, kutegemea unapiga upande gani wa nyumba. Ndiyo maana EPA huonya kwamba kipimo cha siku mbili au tatu kisifanywe wakati wa dhoruba au upepo usio wa kawaida. Ukitazama utabiri wa hali ya hewa kabla ya kufungua kopo, hujapoteza wakati.

Lakini mabadiliko ya siku si kitu mbele ya mabadiliko ya msimu, na hapa inafaa tukae kidogo.

Nyumba iliyopashwa joto katikati ya Januari ni dohani. Hewa ya ndani ina nyuzi 20, ya nje iko chini ya sifuri. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda na kutorokea darini, kwenye nyufa za juu, kwenye mashimo ya taa. Ikitoka juu, lazima nyingine iingie chini kujaza pengo, na sehemu ya chini ya nyumba imezungukwa na udongo. Nyumba inakuwa inaunyonya udongo, polepole, mchana na usiku, msimu mzima. Nguvu yenyewe ni ndogo mno, huwezi kuisikia hata ukiweka kiganja kwenye ufa, ila haipumziki. Mashine ya kukausha nguo, feni ya jikoni na moto wa mekoni nazo husukuma hewa nje na kuongeza mnyonyo huo. Ongeza juu ya hapo ardhi iliyoganda na theluji kuzunguka nyumba, vinavyofunika njia nyingine za gesi kama kifuniko cha sufuria kilichobakiza tundu moja, na tundu hilo ni wewe. Madirisha nayo hayafunguliwi tangu Novemba.

Julai mambo hugeuka. Joto la ndani na la nje hukaribiana, dohani inazimika, madirisha yanafunguliwa, watoto wanaingia na kutoka kila dakika. Kwa nyumba nyingi za kaskazini mwa Marekani na Kanada namba hushuka, mara nyingine sana.

Nimesema nyingi, sikusema zote. Huntsville, Alabama, imejengwa juu ya chokaa iliyotobolewa na mapango, na huko watafiti walikuta nyumba ambazo radoni yake hupanda majira ya joto badala ya baridi, kwa sababu hewa ya mapangoni hubadili mwelekeo wa mtiririko kulingana na joto la nje. Halafu kuna nyumba za kusini ambazo kiyoyozi hakizimwi tangu Mei hadi Septemba: madirisha yamefungwa vilevile kama Januari ya Minnesota. Kwa hiyo ule msemo kwamba "radoni ni ya baridi" ni sahihi kama kanuni ya eneo, na unaweza kuwa uongo mtupu kwa nyumba yako.

Sasa tuchukue nyumba ya mfano. Julai kopo linasoma 2.6. Januari, chumba kilekile, kopo la aina ileile, linasoma 5.8. Mwenye nyumba analalamika kwamba vipimo vinadanganya. Havidanganyi. Cha Julai kimeeleza Julai, cha Januari kimeeleza Januari, na mapafu yamepita katika miezi yote miwili. Mstari wa 4 unahusu wastani wa mwaka, kwa sababu madhara ya radoni hujengeka kwa miaka mingi ya kuvuta kidogo kidogo. Hakuna aliyeugua kwa usiku mmoja wa namba mbaya. Na wastani wa mwaka wa nyumba hii hujaujua bado, unajua tu kwamba unazungukia mstarini.

Hapo ndipo lile sharti la kufunga madirisha linapoeleweka. Kipimo kifupi hakina muda wa kuonja misimu, kwa hiyo kinaiweka nyumba katika hali ngumu inayojirudia, kisha kinauliza: gesi ikikusanyika, inaweza kufika wapi? Kinaitafuta hali mbaya kwa makusudi. Ukiacha dirisha wazi, umekijibu swali ambalo hakikuuliza.

Kifupi, kirefu, na ugomvi wa nchi

Vipimo vifupi huko Marekani ni vya siku 2 hadi 90. Kopo la mkaa, ambalo ndilo la bei nafuu na la kawaida, hukaa wazi siku mbili hadi wiki moja hivi. Mkaa huo umetengenezwa mahsusi uwe na vitundu vingi vya kunasa gesi, lakini una tabia moja ambayo karatasi ya maelekezo haikuelezi: hunasa na pia huachia. Siku za mwisho huwa na sauti kubwa kuliko za mwanzo. Ukipima Ijumaa hadi Jumatatu na Jumapili ikawa ya upepo wa ajabu, Jumapili hiyo itasikika kwenye jibu kuliko inavyostahili.

Na kwa kuwa nusu ya radoni iliyonaswa hupotea kila siku 3.8, kopo lililofungwa haliwezi kukaa kwenye kabati la viatu likingoja mtu apite posta. Maabara hukokotoa upotevu huo kwa kutumia tarehe na saa ulizoandika, lakini likichelewa mno hakuna cha kukokotoa. Maliza kipimo mwanzoni mwa wiki, lipeleke posta siku hiyohiyo. Wikendi yenye sikukuu imeshawapotezea wengi pesa zao.

Vipimo virefu huzidi siku 90. Kifaa chake cha kawaida ni kipande cha plastiki ndani ya kijumba kidogo: kila chembe ya alfa inayokigonga huacha mkwaruzo, na maabara huihesabu mikwaruzo hiyo kwa darubini baada ya kuikuza kwa kemikali. Hakina haraka ya posta, hakidai madirisha yafungwe, unaishi kama unavyoishi. Kikikaa mwaka mzima, hoja ya msimu inakufa yenyewe.

Siku hizi kuna vifaa vya kidijitali vinavyokaa mezani na kuonyesha namba kila wakati. Ni vizuri, ila vimewakosesha watu usingizi. Mtu anaamka saa kumi alfajiri, anaona 7.1, anamwamsha mumewe. Mchana ni 2.9, wanacheka. Kifaa hicho kinastahili kutazamwa kwa wastani wa wiki na miezi. Namba ya saa moja ni ya kukuonyesha nyumba inavyopumua, si ya kuamulia.

Kanada haitaki kusikia habari za siku mbili. Wizara yake ya afya hupendekeza kipimo cha angalau miezi mitatu, katika msimu wa kupasha nyumba joto, tuseme kati ya Oktoba na Aprili. Uingereza nayo hutumia miezi mitatu, kifaa kimoja sebuleni na kingine chumba cha kulala, lakini inaruhusu msimu wowote, kwa kuwa matokeo huzidishwa kwa kizidishi cha marekebisho ya msimu ili kukadiria mwaka. Kizidishi hicho kimetokana na mwenendo wa nyumba nyingi za Uingereza zikichukuliwa pamoja, kwa hiyo ukikibeba hadi Minnesota hakina maana, na hata Uingereza kwenyewe nyumba moja moja inaweza kukikaidi.

Kwa nini wasikubaliane? Nionavyo mimi, sayansi yao ni moja, ila kila mmoja ana dhana yake kuhusu binadamu. Marekani imeamini kwamba mtu atapima kama ni rahisi na haraka, kwa hiyo bora kipimo kisicho kamili kilichofanyika kuliko kamili kilichoahirishwa. Kanada imeamini kwamba mtu akishapata namba moja hatarudia tena, kwa hiyo namba hiyo moja iwe ya kutegemewa. Ukijijua wewe ni mtu wa aina gani, umeshapata nusu ya jibu lako.

Nusu nyingine ni hii, na ndiyo ningependa msomaji aondoke nayo hata akisahau mengine: vipimo vya msimu tofauti havina uzito sawa kwa pande zote mbili. Namba kubwa iliyopatikana Julai ya kaskazini, madirisha yakiwa yamefungwa saa chache tu, inatosha kukutia wasiwasi wa kweli, kwa sababu nyumba imefanya vibaya ikiwa katika hali yake nzuri. Namba ndogo ya Julai haikuondolei shaka hata kidogo. Januari ni kinyume: namba ndogo katikati ya baridi, sema 1.2, ni habari njema unayoweza kuiamini kwa sehemu kubwa, na namba ya katikati kama 5 inahitaji mwenzake. EPA hushauri kwamba kipimo kifupi cha kwanza kikifika 4 au zaidi, kifuatwe na cha pili, kirefu au kifupi. Ukitaka kujua wastani wa mwaka, chagua kirefu. Ukitaka jibu upesi, rudia kifupi na uchukue wastani wa viwili. Cha kwanza kikizidi 8, usikae mwaka mzima ukingojea usahihi. Rudia kifupi mara moja.

Kwa hiyo anayeniuliza mwezi wa saba kama asubiri baridi, humwambia apime sasa, kisha Januari apime tena. Kopo la mkaa ni dola 15 hadi 30 hivi, na majimbo kadhaa huyatoa bure au kwa bei ya chini, hasa Januari, ambao Marekani ndio mwezi wa kampeni ya radoni. Kanada kampeni yao ni Novemba. Kusubiri kuna ubaya mmoja: ukiwa umehama juzi, unafanya zamu mbili na watoto wanabadili shule, "tutapima baridi ikija" hugeuka miaka sita.

Siku ya kununua nyumba

Hapa kalenda haikusikilizi. Muda wa ukaguzi kwenye mkataba ni siku chache, nyumba si yako, na aliye ndani yake ana sababu ya kutaka namba ndogo. Ndiyo hali ambayo kile kipimo cha saa 48 kilitengenezewa. Wakaguzi hutumia mashine inayorekodi kila saa, na faida yake kubwa ni uaminifu kuliko usahihi: grafu ikionyesha radoni iliyokuwa ikitembea kwenye 6 imeporomoka ghafla hadi 1 saa nne usiku na kubaki huko, mtu amefungua dirisha. Mashine nyingine hutambua hata zikisogezwa. Kama mwenye nyumba ameweka kopo lake mwenyewe, uliza lilikaa wapi, lini, na nani alikuwa ndani.

Kopo linapowekwa nako ni muhimu kama siku yenyewe. Orofa ya chini kabisa ambayo wewe utaishi, hata kama muuzaji aliitumia kuwekea masanduku. Angalau nusu mita kutoka sakafuni, mbali na ukuta wa nje, dirisha, hita na upepo wa kiyoyozi. Si jikoni, si bafuni, maana unyevu huuvuruga mkaa.

Minnesota tangu tarehe 1 Januari 2014 sheria inamtaka muuzaji amweleze mnunuzi kwa maandishi anachokijua kuhusu radoni ya nyumba. Anachokijua. Haimlazimishi kupima, kwa hiyo karatasi iliyojazwa "haijapimwa" ni halali kabisa. Uingereza wana utaratibu wa kuweka akiba sehemu ya bei kwa mwanasheria hadi kipimo cha miezi mitatu kitoke, na wanunuzi wengine Kanada hufanya mapatano yanayofanana na hayo. Ontario, dhamana ya lazima ya nyumba mpya hugharamia marekebisho ya radoni kwa miaka saba, jambo ambalo wanunuzi wapya wengi hawalijui. Kwa hao, kupima miaka miwili baada ya kuhamia si kuchelewa, ila kupima mwaka wa nane ni kujilipia.

Kitu kimoja usikubali kuambiwa: kwamba nyumba ya jirani ilipimwa ikawa safi. Ufa mmoja, aina ya kokoto chini ya jamvi la zege, shimo la kukusanyia maji lililoachwa wazi kwenye besimenti, vyote hivyo hubadili namba kati ya nyumba mbili zilizogusana uzio. Marekani yenyewe iliamka kuhusu radoni kwa nyumba moja. Desemba 1984 mhandisi Stanley Watras alikuwa akiviamsha vingʼora vya mionzi katika kituo cha nyuklia cha Limerick, Pennsylvania, wakati kinu kilikuwa hakijaanza hata kuuza umeme. Vilipolia alipokuwa akiingia kazini, si akitoka, ndipo ikabainika kwamba mionzi alikuwa akitoka nayo nyumbani. Nyumba yake ilisoma takriban pikokyuri 2,700 kwa lita.

Nyumba ikibadilika

Kuna "lini" nyingine ambayo haina mwezi. Ukibadilisha madirisha yote na kuziba nyufa ili kupunguza bili ya gesi, umepunguza pia njia ya radoni kutoka, pima upya. Ukiweka mfumo mpya wa joto au kiyoyozi, mnyonyo wa hewa umebadilika, pima upya. Na kabla ya kuimalizia besimenti kwa zulia na dari ili bibi akija kutoka Bukavu apate chumba, pima kabla ya fundi kuanza. Kuchimba tundu la kutolea radoni kwenye zege tupu ni kazi ya saa chache. Kulichimba kupitia sakafu mpya ya mbao uliyoilipia mwezi uliopita ni kilio. Bibi mwenyewe atalala kule chini kila usiku, akikaa ndani zaidi kuliko mtu mwingine yeyote katika nyumba, tena kwenye orofa yenye radoni nyingi kuliko zote.

Wanaokwenda nyumbani Desemba huuliza kama wanaweza kuacha kipimo kikiendelea. Kipimo kifupi katika nyumba tupu si kibaya kwa kuwa madirisha yamefungwa, mradi joto limeachwa kama kawaida. Tatizo ni kwamba wengi hulishusha kuokoa pesa, na nyumba ya nyuzi 12 hainyonyi udongo kama ya nyuzi 20. Tena nani atalifunga kopo siku ya tatu? Kwa kipimo kirefu safari ya wiki tatu haiharibu kitu.

Wapangaji wa orofa ya tano hawana sababu kubwa ya kuhangaika, gesi inatoka ardhini. Wa orofa ya chini na wa besimenti wanayo, na kopo halihitaji ruhusa ya mwenye nyumba kuwekwa juu ya kabati.

Namba ikithibitika kuwa kubwa, fundi wa radoni hutoboa jamvi, huingiza bomba la plastiki na kufunga feni inayoivuta hewa ya chini ya sakafu na kuitupa juu ya paa, hivyo udongo unanyonywa na feni badala ya nyumba. Gharama hutofautiana na nyumba, mara nyingi ni dola elfu moja na zaidi, kama matengenezo mengine ya kawaida. Kipimo cha baada ya hapo nacho kina lini yake: si kabla feni haijafanya kazi saa 24, wala si baada ya siku 30. Kama ilifungwa Agosti, rudia Januari, uone kama inaushinda mnyonyo wa baridi. Kisha kila baada ya miaka miwili.

Kwenye bomba lile fundi atakuwa amebandika kijibomba cha plastiki chenye umbo la U na maji ya rangi ndani. Pande mbili za maji zikiwa hazilingani, feni inavuta. Zikilingana, imekufa. Kitazame kila unaposhuka na kapu la nguo, ila kijibomba hicho kinajua habari za feni tu. Habari za radoni bado ni za kopo.